Mzee Hapana na Kengele Yake

Louisville, 14 Novemba 2015

Mdogo wangu Zabroni,

Nyumba nzima inakusalimu, na baridi ya huku nayo inakusalimu. Wiki nzima nakupigia simu, na kila mara ni ile mashine inaniambia niache ujumbe. Mchana uko darasani, usiku uko ghalani unapanga maboksi ya watu. Haya, nakuandikia, kama tulivyokuwa tunaandikiana wakati ule wa kambi ya Mtabila, barua ikipitia kwa watu wa Msalaba Mwekundu na kila mtu akiisoma kabla ya mwenyewe. Hii angalau utaifungua wewe.

Wamenifungia kazi. Jumanne alikuja mama mmoja mkaguzi, wa serikali ya jimbo, mpole tu, hata chai yangu alikunywa. Nilikuwa namsuka Patricia, yule Mkongomani wa jengo la pili, nimefika nusu ya kichwa. Mkaguzi akauliza leseni yangu iko wapi. Nikamwambia leseni ya nini, mimi simkati mtu nywele, simtii mtu dawa, nasuka tu kama mama alivyonifundisha. Akasema hapa Kentucky anayegusa nywele za watu kwa malipo lazima awe amesomea urembo, shule ya zaidi ya mwaka mzima. Nikamuuliza, hiyo shule inafundisha kusuka? Akaona aibu, akasema haifundishi. Patricia aliondoka na nusu kichwa, kajifunga kitambaa.

Unajua nilikuwa nimefika wapi. Kile chumba cha saluni karibu na bustani ya Iroquois, pembeni ya duka la Wasomali, chenye kioo ukuta mzima, nilishapewa ufunguo. Nilishapaka rangi na mikono yangu hii. Sasa ufunguo nimeutia kwenye bakuli la chumvi na kila nikipika nauona. Nikiikosa saluni hii narudi kiwanda cha nyama, na mgongo wangu unakijua kile kiwanda. Nimelia, sikufichi.

Ila kuna jambo. Unamkumbuka yule mzee Mzungu anayemleta mjukuu wake Ruta, yule mtoto ambaye mwanawe alimchukua Ethiopia wakamlea? Anaendesha gari kutoka shamba, anakaa jikoni kwangu tangu asubuhi mpaka mtoto amalizwe, kofia juu ya goti, hasemi kitu. Jumamosi alikuja akakuta tangazo la mkaguzi mlangoni. Akalisoma, akarudia kulisoma, akavua kofia. Ndipo akaniambia kwamba yeye ni seneta kwenye bunge la jimbo kule Frankfort, na kamati inayoshughulika na leseni ni yeye mwenyekiti wake. Muda wote huu mimi najua ni mkulima. Anaitwa Royce Tackett. Anasema atapeleka mswada, wasusi tuachwe tufanye kazi yetu.

Niombee. Na ule chakula cha maana, si zile tambi za kwenye kikombe.

Dada yako,
Caritas


Columbus, 29 Novemba 2015

Dada,

Naanza na jambo lenyewe. Huyo mzee wako nimemtafuta kwenye intaneti, nimemkuta, na sikupenda nilichokuta.

Alikuwa muuza matrekta. Mwaka 1992 aligombea kwa ahadi moja tu, kwamba kaunti yake haitauza pombe, na mpaka leo haiuzi hata bia ya chupa. Tangu hapo kazi yake ni kukataa. Kodi ya barabara, hapana. Mshahara wa chini upandishwe, hapana. Bima ya afya kwa wasio na uwezo, hapana. Wakaja na mswada wa kuchagua kitoweo rasmi cha jimbo, akasema kitoweo hakihitaji serikali, hapana. Magazeti yanamwita Mzee Hapana, na inaonekana amelipenda jina. Kwenye kamati ana kengele ya mezani, ya marehemu mama yake aliyekuwa mwalimu. Ukizungumza mbele yake una dakika tatu, zikiisha anaigonga hata ukiwa katikati ya sentensi. Amewahi kumgongea mjumbe wa gavana.

Sasa shika moyo. Wiki iliyopita maseneta kadhaa wametia saini barua ya kutaka Kentucky isipokee mkimbizi hata mmoja tena. Jina lake ni la nne kutoka juu. Shangazi Angelika yuko kambini Nyarugusu na watoto wake tangu mwaka huu, amekimbia mara ya pili maishani, na mtu anayekaa jikoni kwako na kofia gotini anasema asije.

Wewe ni mkimbizi anayemfaa, dada. Anakuonyesha kwa watu aseme yeye si mbaya. Usiende kwenye hiyo kamati yake. Uhamie huku Columbus, mtaa wa Linden kuna nyumba za bei nafuu, nitauliza mambo ya leseni ya huku.

Zabroni


Louisville, 10 Januari 2016

Zabroni,

Hata salamu hakuna? Barua yako imeingia nyumbani kwangu na viatu vyenye matope. Baba Mdogo akiiona atakukana.

Nimesoma yote. Mambo ya kusaini mimi siyajui, sikuwepo. Ninachojua ni hiki. Ruta alipoletwa kwangu mara ya kwanza alikuwa akiguswa kichwa anajificha chini ya meza. Yule mzee hakumvuta. Aliinama na magoti yake mabovu, akaingia chini ya meza naye, wakakaa huko mpaka mtoto akachoka. Mimi nilikuwa naosha vyombo nikajifanya sioni. Mtu kama huyo nitamwitaje adui? Na mimi sikumwambia aje kwangu kwa sababu ya kura zake, alikuja kwa sababu ya nywele.

Columbus sihami. Chumba changu kiko hapa, na rangi niliyopaka iko hapa.

Wameniita Frankfort katikati ya mwezi wa pili nizungumze mbele ya kamati. Natetemeka tangu sasa. Wewe ndiye msomi, niambie naanzaje kuongea na watu wakubwa kiasi hicho. Usiponijibu nitamuuliza Baba Mdogo.

Caritas


Cheektowaga, karibu na Buffalo, 2 Februari 2016

Binti yangu Caritas,

Nakusalimu kwa upendo, nawasalimu na majirani zako, na huyo mama mkaguzi ukimwona msalimu pia maana alikunywa chai yako. Huku theluji imefika madirishani. Tunaichota asubuhi, jioni imerudi. Kazi ya ghala ipo, mgongo unanisumbua kidogo, lakini usihangaike.

Umeniuliza vizuri. Ndugu yako amekunyima jibu kwa sababu ana hasira, na mwenye hasira hajui kuanza. Nisikilize mimi niliyesimama mbele ya wakuu wa kambi wanne, na wote walinipa nilichofuata. Usiwarukie watu wazima na shida yako kana kwamba nyumba inaungua. Simama. Msalimu mwenyekiti kwanza, umuulize afya yake, watu wake, mifugo yake. Kisha wasalimu na wengine, kila mmoja kwa zamu yake, asiachwe hata aliye mwisho wa meza. Ukimwona mgonjwa mpe pole. Washukuru kwa nchi, kwa kukupokea, kwa shule za watoto. Peleka salamu za wasiokuwepo, zangu na za Angelika. Hapo mioyo yao itakuwa imekaa chini, ndipo unasema neno lako, na neno lenyewe liwe fupi.

Ndivyo watu wanavyozungumza na watu. Mungu akutangulie.

Baba yako mdogo,
Ferdinandi


Louisville, 19 Februari 2016

Mdogo wangu Zabroni,

Wote wazima. Nilikwenda Frankfort. Jengo lina ngazi za mawe meupe na watu wanatembea humo kwa sauti ndogo kama kanisani. Niliongea, mambo yalikwenda vizuri. Kamati imeupitisha mswada, sasa unakwenda kwenye Seneti yote. Sina mengi. Mvua inanyesha.

Caritas


Columbus, 28 Februari 2016

Dada,

Mambo yalikwenda vizuri, enh? Bunge lao linarusha vikao kwenye intaneti, hukujua. Nimekuona. Nimekuona mara nyingi, na mwenzangu wa chumba sasa anakujua kwa sura.

Umesimama, wakati wenzio wote walikaa kwenye kile kiti. Umemsalimu mwenyekiti. Umemuuliza magoti yake yanaendeleaje na kama yule ndama aliyezaliwa vibaya amepona. Umekwenda kwa yule mama mwenye miwani, ukamwambia naona una mafua, pole sana. Ukaenda kwa anayefuata. Mtu mmoja alikuwa anasoma simu yake, ukamsubiri mpaka akainua kichwa ndipo ukamsalimu. Ukaishukuru Kentucky. Ukaleta salamu za Baba Mdogo kutoka Buffalo, na za Shangazi Angelika kutoka Nyarugusu. Ukavuta pumzi, ukasema, "Na sasa, kuhusu nywele." Kengele ikalia.

Nikafunga kompyuta. Sikuweza kutazama uso wako. Niliifungua tena kesho yake, nikakuona unainama kidogo, unachukua mkoba wako, unatoka. Kumbe ndiyo maana barua yako ilikuwa fupi. Ulidhani nitakucheka. Ni kweli ningekucheka, lakini mwezi mwingine, si huu.

Sasa nikuambie usichokijua, maana wewe ulikuwa umeshatoka na kamera iliendelea. Yule mzee aliishika kengele kwa mkono mzima, kuizuia isiendelee kutoa sauti. Mtu mmoja akasema muda wa huyo mama umeisha, twende kwenye ajenda inayofuata. Mzee akajibu kwamba muda wa mama umeisha, lakini mwenyekiti naye ana dakika tatu zake, na tangu akalie kiti hicho hajawahi kuzitumia. Akasema kwamba kwa miaka yote hiyo watu wamekuja mbele yake kuomba, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari za magoti. Akasema yanauma.

Halafu akasema neno lako, dada. Lote. Alivyokaa jikoni kwako akitazama vidole vyako. Kwamba mjukuu wake alikuwa anaogopa kuguswa kichwa na sasa anasinzia huku anasukwa. Akasema, "Sioni serikali inatafuta nini kwenye kichwa cha mtoto huyu." Akajigongea kengele mwenyewe. Wakapiga kura.

Bado simpendi. Jina lake bado liko kwenye ile barua, la nne kutoka juu. Lakini nilitaka ujue kwamba ulisikika.

Zabroni


Louisville, 16 Aprili 2016

Kwa Baba Mdogo na kwa Zabroni, nawaandikia maneno yaleyale ili asiwepo wa kulalamika,

Sheria imetiwa saini. Nimeutoa ufunguo kwenye chumvi, nimeufuta, nimeutia mlangoni, ukazunguka. Msusi hahitaji tena ile shule, anajiandikisha tu na kufuata usafi. Patricia ndiye mteja wangu wa kwanza, nimemmalizia nusu yake ya kichwa, ingawa ilibidi nianze upya maana zile za zamani zilishafumuka. Zabroni, barua yako ya mwezi wa pili niliisoma nikiwa nimekaa sakafuni. Nitakujibu siku nikiweza.

Furaha yangu haina pa kukaa.

Caritas


Cheektowaga, 8 Mei 2016

Mwanangu Zabroni,

Salamu nyingi, na kwa kuwa wewe hujui tena kusalimia nimeweka na zako humu, chukua.

Mtu aliyekufanyia jambo kubwa hawezi kuachwa hivi hivi. Mzee Tackett lazima ashukuriwe nyumbani kwake, na watu, na kitu mkononi. Ningekwenda mimi, lakini mgongo umegoma kabisa na daktari amenikataza safari. Kwa hiyo unakwenda wewe. Siku hiyo wewe ni mdomo wangu. Utasema nilichokutuma na utanyamaza nisichokutuma.

Sebineza, yule rafiki yangu dereva wa lori, atapita Columbus Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao na ndoo nyeupe iliyofungwa vizuri, imo zawadi. Usiifungue njiani, usiilaze, na mfuniko ukitaka kuinuka ulegeze kidogo. Fimbo nyembamba zilizofungwa pamoja nayo usizipoteze.

Najua una maneno yako kwa mzee huyo. Nimeyasikia kwenye simu mpaka sikio likaota sugu. Sikiliza vizuri: siku ya kushukuru haiombwi kitu. Hakuna kuomba, hakuna kudai, hakuna kumkumbusha mtu alichosaini. Ukichanganya shukrani na madai, umekwenda kufanya biashara. Salamu za Angelika utazipeleka, kwa sababu yeye ni wa nyumba hii na salamu zake ni zake. Basi, ziishie hapo.

Baba yako mdogo,
Ferdinandi


Columbus, 6 Juni 2016

Baba Mdogo, shikamoo,

Nimerudi jana. Natoa taarifa kama ulivyoagiza.

Ndoo yako ilianza kunukia kabla sijatoka Ohio. Pombe ya mtama, Baba Mdogo. Umenituma na pombe ya mtama, na mirija yake, kwa mtu aliyeingia Seneti kwa ajili ya kuizuia pombe. Mimi nilijua ni mtu wa namna gani, nilishamwandikia dada mwaka jana. Ningeweza kuiacha ndoo kwenye gari. Sikuiacha, maana nilitaka nimwone atafanya nini. Dada, niliyempitia Louisville, alipogundua tulikuwa tumeshafika kwenye baraza ya nyumba ya mzee, na macho aliyonitolea siyasahau.

Nilisema uliyonituma. Mimi si mimi leo, ni mdomo wa Ferdinandi wa Buffalo. Nikauliza magoti, nikauliza ndama, nikamsalimu mkewe na Ruta. Nikamshukuru kwa ajili ya dada. Nikaifungua ndoo katikati ya baraza, nikatia mirija minne, na ile harufu ikatoka. Mkewe akaweka mkono mdomoni. Mzee akanitazama, akasema, "Kijana, unanijua mimi ni nani?" Nikasema namjua. Akauliza hiki kimetengenezwa na nini. Nikasema mtama.

Akainuka. Nilidhani anakwenda kuchukua bunduki, nisikudanganye. Alikwenda bandani, akatuita. Baba Mdogo, mzee huyu analima mtama. Huku wanayakamua mabua yake kama muwa, wanachemsha maji yake mpaka yanakuwa asali nyeusi nzito. Ana mashine ya kukamulia iliyokuwa ya babu yake, ilikuwa inazungushwa na nyumbu wa kufugwa. Akamwonyesha dada punje, dada akazisugua kiganjani, akapuliza, akazitafuna. Wakaanza kubishana ni mtama gani unaliwa sana na ndege. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na hasira yangu yote, sina pa kuiweka.

Tukarudi barazani. Akasema hajawahi kuonja pombe tangu kuzaliwa na hataanza leo. Dada akamwambia hailazimu kunywa, ashike mrija tu, awe amekaa nasi. Akaushika. Tukanywa mimi na dada, naye akakaa ameinama juu ya ndoo, mrija mkononi, mdomo umefungwa.

Nikakumbuka salamu zilizobaki. Nikasema, Angelika, dada wa Ferdinandi, anakusalimu. Akauliza Angelika yuko wapi. Nikasema Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Akauliza anakuja lini.

Baba Mdogo, nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nayo tangu Novemba, na namba zake na tarehe zake. Nikakumbuka ulivyosema. Nikamjibu neno moja, "Anasubiri."

Ruta alikuwa anacheza na mbwa pale chini. Mzee akautazama ule mrija, akasema jina lake liko kwenye ile barua. Nikasema najua. Akasema aliisaini amesimama, kwenye ngazi, na hakuwa amemfikiria mtu yeyote. Kisha akasema hawezi kuniahidi kitu. Nikamwambia sikutumwa kuomba.

Amekutumia chupa ya ile asali ya mtama. Iko kwa Sebineza.

Mwanao,
Zabroni


Cheektowaga, 20 Julai 2016

Mwanangu Zabroni,

Salamu. Umefanya kazi ya mtu mzima, na sisemi zaidi usije ukavimba kichwa. Chupa imefika. Nimeipaka kwenye mkate, ni tamu, inakaa kwenye koo. Nusu iliyobaki nimeitia kwenye pombe mpya kuona itakuwaje, nayo imekuwa nzuri ajabu, majirani wameuliza siri yake. Hilo usimwandikie mzee.

Ferdinandi


Columbus, 18 Machi 2017

Dada yangu mpendwa Caritas, shikamoo,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umesimama nyuma ya kiti chako mbele ya kile kioo. Mimi sijambo. Niwasalimie wote wa saluni: Patricia, na huyo msaidizi wako mpya Adolphine, ambaye umeniambia anasuka haraka kuliko wewe na unajifanya huoni. Wasalimie Wasomali wa dukani. Msalimie Ruta, mwambie nimesikia sasa anajisuka mwenyewe mabutu ya mbele. Mgongo wako haujambo? Kiwanda kile ukipita karibu nacho usikisalimie. Baba Mdogo anakusalimu, anatembea vizuri, juzi alikuwa anacheza harusini mtaani kwao na hakuna aliyeweza kumkalisha. Shangazi Angelika nimeongea naye Jumapili. Mtoto wake mkubwa amefaulu darasa la sita kule kambini, na ameniagiza nikuambie ameshika namba ya kwanza. Bado wanasubiri, lakini alikuwa anacheka.

Kazi ya ghala nimeiacha, nimepata ya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa chuoni. Nakula vizuri. Zile tambi za kwenye kikombe nakula mara moja moja tu.

Tangu mwaka jana natazama vikao vya Seneti yenu, sijui kwa nini, mimi mtu wa Ohio. Mwezi huu walileta azimio, Kentucky itangaze kwamba haitaki wakimbizi tena. Wakaita majina. Walipofika kwa Tackett, akasema alichokisema maisha yake yote, hapana. Seneta wa kiti cha jirani akamgeukia kumuuliza kama amesikia swali vizuri. Azimio lilipita hata hivyo, usije ukadhani ni miujiza. Lakini nilisimama katikati ya maktaba, watu wakaniambia nikae.

Siku ya mwisho ya kikao akaaga. Magoti yamemshinda, anaachia kiti. Kila anayeaga anapewa dakika chache, na wote walitulia, wakangoja Mzee Hapana atoe yale yake ya kodi na serikali kubwa. Akasimama kwa kushika meza. Akamsalimu kiongozi wa kikao, akamuuliza mama yake aliyevunjika nyonga. Akamsalimu wa kulia kwake, akauliza mifugo. Akamsalimu yule mama mwenye miwani, ambaye amekuwa akimpinga kila kura tangu aingie, akamwambia pole kwa kufiwa na kaka. Watu wakaanza kucheka kidogo, kisha wakaacha. Akaenda kiti kwa kiti, dada, hakumruka mtu, na aliyekuwa anasoma simu alimsubiri.

Kisha akaleta salamu za wasiokuwepo. Za mjukuu wake Ruta. Za mama Caritas, msusi wa Louisville. Za mzee mmoja wa Buffalo aliyemletea kinywaji asichoweza kunywa. Na za mama anayeitwa Angelika, aliyeko mahali ambapo alisema amejifunza kutamka jina lake kwa wiki nzima. Akalitamka, Nyarugusu, vibaya tu. Akasema, "Anasubiri."

Akavuta pumzi, akasema sasa afike kwenye jambo alilosimama kulisema. Kengele ya kiongozi ikalia. Akainama kidogo, akachukua kofia, akakaa. Na hakuna aliyemwambia hakusema kitu.

Dada, nimekuandikia kwa sababu kuna jambo nimetaka kukuambia tangu Novemba ya mwaka juzi, kuhusu ile barua yangu ya kwanza isiyokuwa na salamu. Lakini nimewasalimia watu wengi, na karatasi imefika

mwisho.

Mdogo wako,
Zabroni